Vumbi la mgodini, moyo wa mzee na barua ya "ombi lako limekataliwa": fanya hivi kabla hujakata tamaa



Leo naleta mada ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo cafe, iprinti usome nyumbani. Inahusu watu waliofanya kazi migodini huku kwetu, Mwadui, Bulyanhulu, Buzwagi, Geita na kwingineko, wakaugua kifua na baadaye moyo, wakaomba fidia, wakajibiwa HAPANA. Au wakajibiwa ndiyo, ila kwa asilimia ndogo mpaka mtu anajiuliza kama wamesoma faili lake au la mtu mwingine.

Mimi nachapa barua za watu hapa Kahama. Nilichojifunza ni kimoja: wengi hawakosi haki kwa sababu hawana haki. Wanakosa kwa sababu wamejibu swali ambalo hawakuulizwa. Barua inasema "hakuna uthibitisho kwamba ugonjwa umetokana na kazi", mzee anajibu "nina watoto sita na nimeitumikia kampuni kwa uaminifu miaka kumi na miwili." Ni kweli kabisa na inauma, lakini hajajibu swali. Rufaa haishindi kwa huruma. Inashinda kwa karatasi inayojibu sababu ileile iliyoandikwa kwenye barua ya kukataa.

Twende taratibu.

KWANZA: UNADAI KWA NANI?

Hapa ndo watu wengi wanapotea njia. Kuna milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

1. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule tunaouita WCF. Umeundwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 (Sura 263) na ukaanza kazi Julai 2015. Huu unalipa mtu aliyeumia au kuugua KWA SABABU YA KAZI. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona bosi anakukata kwenye mshahara akisema ni hela ya WCF, huyo anakuibia.

2. NSSF. Huku kuna pensheni ya ulemavu. Tofauti yake kubwa ni kwamba NSSF haikuulizi ugonjwa umetoka wapi. Uwe umetokana na vumbi, presha ya kurithi au kitu kingine, inachoangalia ni kama umepoteza uwezo wa kujipatia kipato na kama michango yako inatosha.

3. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hii si ya fidia ya ugonjwa. Ni ya mtu aliyeachishwa kazi isivyo halali, mfano umeugua, mwajiri akakutoa bila kufuata utaratibu wa mfanyakazi asiyeweza kazi kwa sababu ya afya. Huku una siku 30 tu tangu kuachishwa. Zikipita, lazima uombe kuongezewa muda na ueleze kwa nini umechelewa.

Mtu mmoja anaweza kuwa na hoja kwenye milango yote mitatu. Kosa ni kupeleka hoja ya mlango mmoja kwenye mlango mwingine. Nimeona watu wanahangaika mwaka mzima CMA wakidai asilimia za ulemavu, kumbe CMA haipangi asilimia. Wakirudi WCF wanakuta muda umeshakwenda.

KWA NINI INAFAA KUHANGAIKA?

Zamani, wakati fidia ikilipwa chini ya ile sheria ya mkoloni iliyorithiwa baada ya uhuru, kiwango cha juu kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Kwa aliyefariki, shilingi 83,000. Siyo kwa mwezi, wadau. Kwa maisha yake yote! Ndo maana wazee wengi wanaamini fidia ni hela ya nauli na soda, hawaoni sababu ya kusumbuka.

Siku hizi hesabu ni nyingine. Tuchukue mfano wa kubuni, mtu tumwite Masanja, mshahara wake ulikuwa 900,000 kwa mwezi.

- Akiwa hawezi kazi kwa muda tu, hesabu yake ni asilimia 70 ya mshahara, yaani 630,000 kwa mwezi, na haizidi miezi 24.
- Akionekana ana ulemavu wa kudumu wa asilimia 100, analipwa pensheni ya hiyo asilimia 70 kila mwezi, maisha yake yote.
- Akipewa asilimia 50, pensheni ni nusu yake: 315,000 kila mwezi.
- Akipewa asilimia 35, ni 220,500 kila mwezi.
- Akipewa asilimia 30 au chini ya hapo, hapati pensheni ya kila mwezi. Anapewa mkupuo mmoja, basi.

(Kuna kima cha chini na cha juu vilivyowekwa, hivyo mwenye mshahara mnono sana asipige hesabu kichwa kichwa.)

Umeona hapo kwenye 30? Tofauti kati ya mtu wa asilimia 28 na mtu wa asilimia 35 siyo asilimia saba. Ni tofauti ya kulipwa mara moja na kulipwa mpaka siku ya kuzikwa. Kwa hiyo hata aliyekubaliwa anaweza kuwa na sababu nzuri ya kupinga.

Ukiacha hela hizo, WCF inagharamia matibabu, utengamao, malipo ya mtu wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza, gharama za mazishi, na malipo ya wategemezi mgonjwa akifariki.

MOYO UNAINGIAJE KWENYE MAMBO YA MGODI?

Hapa naomba msome polepole maana ndo moyo wenyewe wa mada hii.

Mwamba wa dhahabu huku kwetu una mawe meupe yale ya kwatzi. Ukitoboa, ukilipua au ukisaga, unatoa vumbi laini sana la silika. Vumbi linaloua siyo lile unaloliona kwenye nyusi. Ni lile dogo lisiloonekana kwa macho, linaloshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Miaka inapita, mapafu yanaweka makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauponi, na unaweza kujitokeza miaka kumi au ishirini baada ya mtu kuanza kuvuta vumbi, hata kama ameshaacha kazi. Pia unamweka mtu kwenye hatari kubwa ya kupata kifua kikuu, ndo maana unakuta mchimbaji ametibiwa TB mara mbili, mara tatu, na bado anahema.

Sasa moyo. Upande wa kulia wa moyo kazi yake ni kusukuma damu kwenda kwenye mapafu. Mapafu yakishakuwa na makovu, mishipa yake inabana, presha ndani yake inapanda. Upande wa kulia unasukuma kwa nguvu zaidi na zaidi, unatanuka, mwishowe unachoka. Mzee anaanza kuvimba miguu, tumbo linajaa maji, akipanda ngazi mbili anakaa chini. Hospitali inaandika "moyo kushindwa kufanya kazi."

Na hapo ndo mtego ulipo. Cheti kinasema MOYO. Mwenye kufanya maamuzi anaona moyo, anajua magonjwa mengi ya moyo yanatokana na presha ya kawaida, kisukari, sigara, umri. Anaandika: hauhusiani na kazi. Kama faili lina neno moyo tu, huwezi kumlaumu sana. Hakuna aliyemwonyesha mnyororo: VUMBI, kisha MAPAFU, kisha MOYO. Kazi ya rufaa ni kuuonyesha mnyororo huo, pete kwa pete.

Niwe mkweli pia. Siyo kila moyo wa mchimbaji umeharibiwa na mgodi. Kama mzee ana presha ya siku nyingi, mapafu yake kwenye eksirei ni masafi, na upande wa moyo ulioharibika ni wa kushoto, basi rufaa ya WCF itakuwa ngumu sana. Huyo usimpotezee nauli, mpeleke mlango wa NSSF ambako hawaulizi chanzo. Kwa ninavyofahamu, huko wanaangalia kama mwanachama amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kipato, na kama ana michango isiyopungua 180, au angalau 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibuni kabla ya kuugua. Kwa hiyo aombe taarifa ya michango yake mapema, akague kama kuna miezi mwajiri hakupeleka.

SHERIA INAKUSAIDIA ZAIDI YA UNAVYODHANI

Kuna kitu kwenye sheria yetu wengi hawakijui. Sheria ina orodha ya magonjwa ya kazini pamoja na aina ya kazi zinazoyaleta. Ukiwa na ugonjwa uliomo kwenye orodha, na ulifanya kazi iliyotajwa kwa ugonjwa huo, basi ugonjwa UNACHUKULIWA kwamba umetokana na kazi mpaka atokee mtu athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha unahama mabegani mwako.

Wenzetu Marekani wamepigania kitu hichohicho kwa miaka mingi. Askari wao waliopigana Vietnam walinyunyiziwa dawa ya kupukutisha majani ya miti, Agent Orange. Wengi walipougua moyo baadaye, walijibiwa kwamba moyo ni ugonjwa wa kila mtu, thibitisha wewe. Mwaka 2010 ugonjwa wa mishipa ya moyo kukosa damu ukaingizwa kwenye orodha ya magonjwa yanayochukuliwa kuwa yametokana na dawa hiyo. Presha ya damu ikaingizwa mwaka 2022. Watu waliokuwa wamekataliwa wakaanza kulipwa, ingawa miili yao ilikuwa ileile na ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni nani anabeba mzigo wa kuthibitisha.

Afrika Kusini nako, wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi walikwenda mahakamani kwa pamoja dhidi ya makampuni makubwa, AngloGold Ashanti ikiwa mojawapo, hao hao wenye mgodi wa Geita. Makubaliano yalifikiwa mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Johannesburg ikayapitisha mwaka 2019, kiasi cha randi bilioni 5. Yanahusu migodi ya kule tu, siyo ya kwetu, msije mkaanza kujaza fomu za Johannesburg. Nimeitaja ili mjue kwamba vumbi la dhahabu na mapafu siyo hadithi ya vijiweni. Mahakama zinalijua.

Funzo kwa sisi: usianzie kwenye moyo, anzia kwenye MAPAFU. Ukithibitisha silikosisi, ugonjwa unaotambulika kuwa wa kazini, umeshika pete ya kwanza na ya pili. Halafu daktari aeleze kwamba moyo umeharibika kwa sababu ya mapafu hayo.

KARATASI ZINAZOTAKIWA

Haya, kalamu mkononi:

a) Uthibitisho wa kazi. Mkataba, kitambulisho cha kazi, hati za mshahara, barua ya kuacha kazi, taarifa ya NSSF inayoonyesha nani alikuwa anachangia. Hapa muwe macho. Watu wengi hawakuajiriwa na mgodi wenyewe, waliajiriwa na kontrakta. Mwajiri wako ni yule aliyesaini mkataba wako na kukulipa, siyo mwenye jina kubwa getini.

b) Maelezo ya kazi yenyewe. "Mfanyakazi wa mgodi" haitoshi, hata mpishi wa kantini ni mfanyakazi wa mgodi. Andika: nilikuwa naendesha mashine ya kutoboa andagraundi, miaka mingapi, shifti ya saa ngapi, vumbi lilikuwaje, maji ya kuzuia vumbi yalikuwepo au hayakuwepo, barakoa ya aina gani. Tafuta wenzako wawili wa shifti hiyo hiyo waandike maelezo yao na kuyaapia kwa hakimu au wakili.

c) Vipimo vya afya vya kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo OSHA wanaisimamia, inataka mfanyakazi apimwe anapoanza, apimwe kipindi akiwa kazini, na apimwe anapoondoka. Hizi karatasi ni dhahabu kuliko dhahabu. Kama kipimo cha kuanza kinasema mapafu ni mazima na cha mwisho kinasema yana makovu, umemaliza nusu ya kesi. Omba nakala kwa MAANDISHI kwa mwajiri. Akisema hazipo, hilo jibu lake pia ni ushahidi wako, litunze.

d) Vipimo vya mapafu vya sasa. Eksirei ya kifua isomwe na daktari anayejua magonjwa ya kazini, na kipimo cha kupuliza kinachoonyesha uwezo wa mapafu. Pamoja na majibu ya TB, hata yale ya zamani.

e) Vipimo vya moyo. Hapa kipimo muhimu ni kile cha moyo kwa ultrasaundi, wenyewe wanakiita eko. Mwombe daktari aandike mambo mawili waziwazi: upande gani wa moyo umeathirika, na presha kwenye mishipa ya mapafu ikoje. Kwa watu wa kanda yetu, Bugando pale Mwanza ndo rufaa ya karibu. Wengine wanapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar.

f) Barua ya daktari. Hii ndo inafunga mnyororo. Cheti cha "anaumwa moyo" hakitoshi. Unataka sentensi inayosema: kwa kuzingatia historia ya kazi, eksirei na eko, ugonjwa wa moyo wa mgonjwa huyu umetokana na ugonjwa wa mapafu uliosababishwa na vumbi. Daktari asipoiamini asiiandike, na wewe usimlazimishe. Ila wengi hawaiandiki kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba mzee alitoboa miamba miaka kumi na mbili. Mgonjwa anafika, anaulizwa kazi, anajibu "mkulima", kwa kuwa kwa sasa analima. Jamani! Mwambieni daktari kazi ZOTE.

SOMA SABABU, KISHA JIBU SABABU

Chukua barua ya kukataa. Pigia mstari sentensi moja inayosema kwa nini. Mara nyingi itakuwa mojawapo ya hizi:

"Ugonjwa hautokani na kazi." Jibu ni mnyororo wa hapo juu. Kama wamesema ni sigara, kumbuka sigara inaharibu mapafu lakini haileti silikosisi. Eksirei inatofautisha.

"Ombi limechelewa." Madai yanatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12. Lakini ugonjwa siyo kama kuangukiwa na jiwe, hauna siku moja ya kutokea. Onyesha tarehe ambayo mzee aliambiwa na daktari KWA MARA YA KWANZA kwamba ana ugonjwa wa vumbi. Kabla ya hapo alikuwa anatibiwa TB au pumu, angejuaje?

"Mwajiri hakutoa taarifa." Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku 7 za kuifikisha WCF. Akikaa kimya, hilo ni kosa lake. Weka nakala ya barua uliyompa wewe, yenye muhuri wa kupokelewa. Kama huna, ipeleke leo, usingoje kesho.

"Asilimia kadhaa." Hapa hupingi ugonjwa, unapinga kipimo. Angalia walipima nini. Kama walipima mapafu tu na eko haikuwepo kwenye faili, sema hivyo na uiambatanishe. Kama hali imezidi tangu tathmini, leta vipimo vipya na uombe tathmini mpya.

"Mshahara uliotumika." Wengine wanapigiwa hesabu kwa mshahara mdogo kuliko waliokuwa wanapata. Jibu ni hati za mshahara, basi.

NGAZI ZA RUFAA

Ngazi ya kwanza ni kumwomba Mkurugenzi Mkuu wa WCF apitie upya uamuzi. Usiiruke. Asiporidhisha, unakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Ukiwa bado hujaridhika, ni Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kila ngazi ina idadi yake ya siku, na siku hazingoji mavuno ya mpunga. Siku unayopokea barua, andika tarehe ya kupokea juu ya barua na utunze bahasha. Kisha nenda au piga simu WCF uulize mwisho wa kuwasilisha ni tarehe gani, na jibu uliandike pamoja na jina la aliyekujibu. Kama vipimo havijakamilika na siku zinaisha, peleka ombi kwa wakati na useme vipimo fulani vinafuata. Ombi pungufu lililowahi ni bora kuliko ombi zuri lililochelewa.

Barua yenyewe iwe fupi. Mfano:

"Naomba mapitio ya uamuzi wenu wa tarehe ..., kumbukumbu namba ... Uamuzi huo unasema ugonjwa wangu wa moyo hautokani na kazi. Siukubali kwa sababu tatu. Kwanza, nilitoboa miamba chini ya ardhi kuanzia mwaka ... hadi ... (kiambatisho 1). Pili, nimethibitika kuwa na silikosisi (kiambatisho 2). Tatu, daktari bingwa anaeleza kwamba moyo wangu umeathirika kutokana na mapafu hayo (kiambatisho 3). Naomba uamuzi ubadilishwe na nifanyiwe tathmini ya mapafu na moyo kwa pamoja."

Ukurasa mmoja. Peleka nakala, baki na halisi, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hii kazi ya kuchapa na kuskani ndo yako wewe kijana unayesoma hapa. Baba au baba mkubwa hana haja ya kujua kompyuta, wewe unajua. Fomu za WCF zipo kwenye tovuti yao, hazinunuliwi.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza, vishoka. Wapo wanaosema "nipe laki tatu, nina mtu wangu pale ndani, asilimia zinapanda." Huyo hana mtu, ana njaa. Asilimia zinapangwa kwa vipimo. Kama unahitaji msaada, chama cha wafanyakazi migodini kama NUMET au TAMICO ni pa kuanzia. Pia kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayotambua watoa msaada wa bure kwa wasio na uwezo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri yako.

Ya pili ni kwa ndugu zangu wa maduara, wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mwakitolyo na kwenye makarasha yote. Yote niliyoeleza kuhusu WCF yanamhusu mtu mwenye MWAJIRI. Wewe unayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, siku mapafu yakichoka hakuna barua ya kukataliwa wala ya kukubaliwa. Hakuna aliyekuchangia. Na vumbi la karasha ni lilelile, pengine baya zaidi, maana unasaga mawe makavu bila maji. Unachoweza kufanya leo ni viwili: mwagia mawe maji kabla ya kusaga, na jiandikishe NSSF kwa hiari uanze kuchangia wakati bado una pumzi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini, tusidanganyane.

Na kwa walioacha kazi migodini kabla ya Julai 2015, kabla WCF haijaanza: usijikatae mwenyewe. Kapime kwanza, ujue tarehe ya kugundulika ugonjwa, kisha mwone mwanasheria na karatasi mkononi. Hoja zenu ni ngumu kuliko za wengine, lakini anayetakiwa kusema hapana ni mwenye mamlaka, kwa maandishi, siyo jirani kijiweni.

Kama kuna mdau amepitia ngazi hizi, aseme alikwama wapi na alitokaje, wengine wajifunze. Ila majina ya wagonjwa na namba za mafaili msiweke hapa, hayo ni mambo ya mtu.

Nawasilisha.